Habari za Namba za Hitilafu katika Kamera

Hakuna jambo linalomtia mpiga picha haya mbele ya watu kuliko kamera kukataa kazi saa ile ile inapotakiwa, bibi harusi amekwisha kushuka garini na vigelegele vimepamba moto, nayo ikaandika juu ya kioo chake kidogo herufi tatu na tarakimu mbili, Err 99, pasipo neno jingine la kufafanua. Mwenye kamera huizima na kuiwasha, hutoa betri na kuirudisha, husema bismillahi na kubonyeza tena. Na pengine kamera humtii, akaendelea na shughuli yake akidhani kwamba maradhi yamekwisha, hali sababu yake ingali palepale ilipokuwa. Watu wengi huziona namba hizi kuwa fumbo waliloliweka watengenezaji kwa kuwataabisha wanunuzi. Mimi naona kwamba zina asili na maana, lakini maana hiyo haimfunukii mtu asiyejua zilizaliwa lini na kwa haja gani. Kwa sababu zilizaliwa pale nyenzo za chuma zilipotolewa ndani ya kamera na nyaya zikashika mahali pake, na tangu hapo kila namba imekuwa ikitaja mahali ambapo mazungumzo baina ya sehemu mbili yamekatika, wala haitaji kitu kilichovunjika.

Kwa muda mrefu sana kamera haikuwa na la kusema. Tangu ufundi wa Daguerre ulipotangazwa mjini Paris mwaka 1839 hata kupita katikati ya karne iliyofuata, chombo hiki kilikuwa sanduku la giza lenye lenzi mbele na kitu cha kupokea nuru nyuma, na yote yaliyosalia yalikuwa springi, nyenzo na magurudumu ya meno. Mwaka 1861 Mwingereza Thomas Sutton alipata hataza ya kamera yenye kioo kilichoinamishwa ndani yake, ili mpiga picha apate kutazama kwa lenzi ile ile itakayopiga picha. Na wazo hilo ndilo asili ya jamii yote ya kamera tunazoziita leo DSLR. Mwaka 1936 kiwanda cha Ihagee cha Dresden, Ujerumani, kilitoa Kine Exakta, kamera ya namna hiyo iliyotumia filamu ya milimita 35. Mwaka 1949 mji ule ule ukatoa Contax S, yenye prizimu juu ya kioo, hata mtu akaweza kuiweka kamera jichoni na kuona mambo yamekaa sawasawa. Na mwaka 1954 Wajapani wakatoa Asahiflex IIb, ambayo kioo chake kilirudi chini chenyewe mara picha ilipokwisha kupigwa. Ndani ya kamera za jamii hii, kwa kila picha moja, tundu la lenzi sharti lijifinye kwa kadiri lilivyoamriwa, kioo kiruke, shata, yaani pazia dogo lililo mbele ya filamu, ifunguke na kufunga, kisha kioo kirudi na tundu litanuke tena. Na haya yote aghalabu hutimia kabla mtu hajapepesa jicho. Atakayeushika mpango huu moyoni amekwisha kupata nusu ya elimu ya hitilafu, maana nyingi katika namba zitakazotajwa mbele zinahusiana na hatua mojawapo ya hizi.

Katika zama hizo fundi alitegemea sikio na kidole. Aliiweka shata kwenye mwendo wa sekunde moja, akaisogeza kamera sikioni, na kuusikiliza mvumo wa magurudumu tangu mwanzo hata mwisho. Mvumo ukilegea au ukisita katikati, alijua kwamba mafuta yameganda. Kisha alifungua mgongo, akaielekeza kamera kwenye dirisha lenye jua, na kulitazama pazia la kitambaa kama lina vitobo. Mpiga picha naye alikuwa na dalili zake: kila alipovuta wenzo wa kupeleka filamu mbele alitupa jicho kwenye kifundo cha upande wa kushoto, kile cha kurudishia filamu, kikizunguka, filamu inakwenda, kisipozunguka, filamu imechomoka kwenye meno, na picha zote alizodhani amepiga hazipo. Pwani yetu iliongeza maradhi yake yenyewe. Studio za Unguja, kama Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, zilikuwa katika hewa yenye unyevu na chumvi, na hewa ya namna hiyo huotesha kuvu ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba nyeupe zinazotambaa juu ya kioo kutoka ukingoni, hata picha zikawa na ukungu ambao mteja huulaumu kwa mpiga picha. Ubaya wa zama hizo ni kwamba kosa lilijulikana baada ya filamu kusafishwa, harusi imekwisha na wageni wamerejea makwao. Kwa hiyo wale wanaosifu kamera za kale kwa kusema hazikuwa na matatizo, naona hawazitendei haki hizi za leo: matatizo yalikuwako, ila yalikuwa kimya.

Umeme uliingia kwa hatua. Kwanza ulikuja kupima nuru tu, na betri ikiisha mpiga picha alikisia mwenyewe akaendelea na kazi. Mwaka 1976 Canon ilitoa AE-1, kamera ya kwanza ya jamii hii kuendeshwa na kompyuta ndogo iliyo ndani yake, na shata yake ilishikwa kwa sumaku ya umeme. Betri ikifa, kibonyezo hakifanyi kitu. Hapo ndipo ilipoanza haja ya kamera kueleza hali yake, na AE-1 ilipewa kitufe kidogo cha kupimia betri, ambacho mtu akikibonyeza huona sindano ikisogea ndani ya tundu la kutazamia. Miaka kumi baadaye, mwaka 1986, kampuni hiyo hiyo ilitoa T90, yenye mota tatu na bamba la tarakimu juu yake. Na kamera hii ilipokwama iliandika EEE, na pamoja nayo neno HELP. Mafundi waliozifungua walikuta mara nyingi kwamba mpira mdogo wa kupunguza kishindo umeoza kwa miaka na kuwa ute, na ute huo umeigandisha sumaku ya shata. Wako waliogundua kwamba kamera ikigongwa kitako juu ya kiganja hujinasua, ikapiga picha kadhaa, kisha ikakwama tena. Nataka msomaji aitue nadhari yake hapa, kwa sababu jambo lote liko hapa: kamera ile haikuwa na njia yoyote ya kujua habari za mpira uliooza. Ilichojua ni kwamba imetoa amri kwa shata na haikuona dalili kwamba amri imetekelezwa, nayo ikasema hivyo kwa herufi ilizokuwa nazo.

Jambo kubwa zaidi lilitukia mwaka uliofuata. Mwezi wa Machi 1987 Canon ilitoa EOS 650, na pamoja nayo mdomo mpya kabisa wa kufungia lenzi, usioafikiana na lenzi zake za awali za FD ambazo watu walikuwa wakizinunua tangu mwaka 1971. Waliokuwa wamekusanya lenzi hizo kwa miaka walikasirika, na nawapa haki yao, maana mali yao ilikatiwa njia kwa siku moja. Lakini mtu akiutazama mdomo ule ataona sababu: hapana wenzo hata mmoja unaovuka kutoka kwenye mwili wa kamera kwenda kwenye lenzi. Vipo vigusio vinane vidogo vilivyopakwa dhahabu, vilivyopangwa upinde chini ya kioo, na kwa njia ya vigusio hivyo hupita nguvu za kuendesha mota, mapigo ya saa ya kulinganishia mwendo, amri za kamera na majibu ya lenzi. Lenzi ina mota yake ya kufokasi na mota nyingine ya kufinya tundu. Kamera huamuru, lenzi hutenda na kujibu. Zamani kidole cha chuma kilisukuma kidole kingine cha chuma, na kikipinda fundi alikiona kwa macho. Sasa alama ya kidole cha mtu, au utando wa chumvi ya pwani juu ya kigusio kimoja, ulitosha kuwanyamazisha wote wawili, na mtu akitazama haoni kitu. EOS za filamu hazikuwa na namba za kueleza hayo. Nyingi, zilipopatwa na hitilafu ya namna yoyote, zilipepesa alama ile ile ya betri, bc, na mwenye kamera alikimbilia dukani kununua betri asiyoihitaji.

Nikon ilishika njia nyingine. Iliuhifadhi mdomo wa lenzi uliotoka na Nikon F mwaka 1959, pamoja na wenzo wa kufinyia tundu, ikaongeza vigusio vya umeme juu ya mpango ule wa kale. Na kwa uaminifu huo wenye lenzi za zamani wana haki ya kuishukuru. Walakini mpango wa namna mbili huzaa hitilafu ya namna yake. Lenzi zilizo na pete ya kuchagulia tundu sharti pete hiyo iwekwe kwenye namba kubwa kuliko zote na kufungwa kwa kitasa chake, ndipo kamera iweze kulitawala tundu yenyewe; pete ikiteleza kidogo tu, kamera huandika fEE na kukataa kupiga. Hakuna kilichoharibika. Mtu akiizungusha pete hata mwisho, herufi hutoweka. Hii naihesabu kuwa namba njema kuliko zote, kwa maana ina sababu moja na dawa moja.

Ama kamera za dijitali, hizo zililetea mlolongo huu mshirika mwingine. Steven Sasson wa Kodak alitengeneza kamera ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1975, yenye pikseli 10,000, iliyochukua sekunde 23 kuandika picha moja juu ya kanda ya kaseti. Mwaka 1991 Kodak ikauza DCS, mwili wa Nikon F3 uliotiwa kipokea nuru cha pikseli milioni 1.3, na mpiga picha alitundika begani sanduku zima lenye diski ya megabaiti 200. Nikon D1 ya mwaka 1999, Canon D30 ya mwaka 2000, na hasa EOS 300D ya mwaka 2003, iliyouzwa Marekani kwa bei ya chini ya dola 1,000, ndizo zilizokitoa chombo hiki katika mikono ya mashirika ya habari na kukitia katika mikono ya watu wa kawaida. Mahali pa filamu pakashikwa na kadi, na kadi si kitu cha kupokea tu: nayo huulizwa na kujibu. Kadi za CompactFlash zilikuwa na matundu 50 ya kuingilia pini nyembamba zilizosimama ndani ya kamera, na aliyeisukuma kadi upande upande kwa haraka alipinda pini moja, na kwa pini hiyo moja kamera nzima ilisimama. Canon huandika Err 02 kwa kadi isiyosomeka na Err 04 kwa kadi iliyojaa. Nikon huandika CHA kwa kadi yenye kasoro na For kwa kadi isiyofomatiwa. Si mazito haya, na sioni haja ya kuyakalia, ila nitamwomba mwenye picha za watu ndani ya kadi asikubali kufomati kwa pupa, wala asiendelee kupiga juu ya kadi hiyo, kabla hajajaribu kuisoma kwa kompyuta.

Lakini namba ya Canon iliyoleta ghasia ni 99. Kitabu cha maelezo kiliieleza kwa maneno machache: upigaji picha hauwezekani kwa sababu ya hitilafu, zima kisha washa, au toa betri na kuirudisha. Kwa tafsiri hiyo pana, namba moja ilibeba mambo ya kila asili: shata iliyokwama, kioo kilichosimama nusu ya njia, mota iliyochoka, lenzi isiyojibu, betri dhaifu, vigusio vichafu. Na kisa kinachofunua tabia yake vizuri kuliko vingine ni kile cha lenzi za Sigma. Watengenezaji wa lenzi wasiokuwa Canon walijifunza wenyewe lugha ya vigusio vile vinane kwa kuzipeleleza kamera zilizokuwapo siku hizo; kamera mpya za dijitali zilipokuja na desturi za usemi zilizobadilika kidogo, lenzi nyingi za zamani za Sigma zikashindwa kufahamu amri moja, nayo ni amri ya kufinya tundu. Matokeo yakawa ya ajabu kwa wenye lenzi. Lenzi ilifokasi vizuri, ilionyesha namba zake zote, na ikipigwa picha tundu likiwa wazi kabisa, picha ilitoka safi. Lakini mtu akichagua f/8 na kubonyeza, Err 99. Hapakuwa na chombo kilichovunjika, si upande wa kamera wala upande wa lenzi. Sigma ilikubali kuzitia baadhi ya lenzi hizo kompyuta ndogo mpya, nazo zikapona. Nyingine zilikuwa zimepitwa na wakati hata hilo halikuwezekana, na mpaka leo zinafanya kazi kwa f iliyo wazi peke yake.

Dalili ile ile, yaani kuafiki tundu likiwa wazi na kukataa likifinywa, ilikuja kuonekana katika lenzi za Canon yenyewe kwa sababu iliyo mbali na hiyo kabisa. Lenzi ya EF-S 17-85mm, iliyotoka mwaka 2004, mafundi wanaijua sana kwa hili: ndani yake upo utepe mwembamba wa waya bapa uendao kwenye mota ya tundu, na utepe huo hujikunja na kujikunjua kila mtu anapozungusha lenzi kuvuta karibu au kupeleka mbali, hata siku moja njia ya shaba ndani yake hukatika. Sababu mbili zilizo tofauti kama hizi, moja ya lugha na moja ya shaba, zikatoa namba moja. Ndipo mtu apaswapo kuamini kwamba namba hiyo ni mahali pa kuanzia kutafuta.

Na kutafuta huko kuna adabu yake, ambayo mafundi waliirithi kwa wale wa sikio na kidole: tenga, kisha jaribu. Fundi mwenye insafu haanzi kufungua skrubu. Huondoa lenzi, akaona mahali pa namba ya tundu pakiandikwa 00 katika Canon, au F-- katika Nikon. Kwa Canon hubonyeza hivyo hivyo mwili ukiwa mtupu. Mwili ukipiga picha mara kumi na zaidi bila kulalamika, shata na kioo vimekwisha kutoa ushahidi wao, na dhana huhamia kwenye lenzi. Hapo hufuta vigusio vya pande zote mbili kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi. Wapo wanaotumia kifutio cha penseli, nami nawanasihi wawe na hadhari, kwani dhahabu ile ni nyembamba mno na vumbi la kifutio huingia ndani ya kamera. Kisha huirudisha lenzi, huchagua tundu lililo wazi, hupiga. Huchagua tundu dogo, huigeuza kamera lenzi ikimtazama usoni, na kubonyeza kile kitufe cha kuonea kina cha picha, huku akitazama ndani kama vibamba vya tundu vinajikusanya. Visipotikisika na namba ikatokea, ameufikia utepe au mota ya tundu pasipo kutumia kifaa chochote ila jicho. Na mwili mtupu ukikataa, huondoa kadi, hubadilisha betri, huangalia kama kioo kimesimama nusu, na kama shata ina kibamba kilichotoka mahali pake. Shata ni kitu kinacholika: Canon ilipotoa 40D mwaka 2007 ilitaja mapigo 100,000 kuwa kadiri iliyopimwa kwa shata yake, na mpiga picha wa harusi na mikutano huifikia hesabu hiyo upesi kuliko anavyodhani.

Malalamiko ya watu kuhusu 99 hayakupotea bure. Katika kamera kama 7D ya mwaka 2009, kitabu kilikuja na orodha iliyogawanyika: 01 kwa mazungumzo ya kamera na lenzi, 02 na 04 kwa kadi, 05 kwa flashi isiyoinuka, 06 kwa usafishaji wa kipokea nuru, kisha 10, 20, 30 na kuendelea hata 80 kwa kasoro za ndani. Hatua hiyo naisifu, ila si kwa moyo wote, kwa sababu namba hizi za mwisho, kutoka 10 hadi 80, kitabu kilizipa maelezo ya pamoja na dawa moja ya zamani, kuzima na kuondoa betri. Mwenye kamera aliyelipa fedha zake anastahili kuambiwa kwamba ni shata au ni kioo, ili akienda kwa fundi aende na maneno na asibebeshwe gharama ya kitu kizima. Sikuona kwa nini jambo hilo liwe siri ya karakana.

Mwaka 2018 Canon ilitoa EOS R, na Nikon ikatoa kamera zake za Z. Kioo kiliondolewa katika jamii hii mpya, na pamoja nacho zikaondoka hitilafu zake zote, mota yake, springi zake na kusimama kwake nusu ya njia. Vigusio havikuondoka. Mdomo wa EOS R una vigusio 12 mahali pa vinane, kwa sababu lenzi na kamera sasa wana mengi zaidi ya kuambiana na kwa kasi kubwa zaidi, na adapta yake hupokea lenzi za EF, yaani zile za mdomo wa vigusio vinane, za tangu mwanzo. Kwa hiyo lenzi iliyotengenezwa mwaka 1987 yaweza kufungwa leo juu ya kamera ambayo haikuwazika siku ile, na vigusio vyake vikiwa na uchafu, namba ya kuitazamia ni 01.